Msuli Uliponishika Kwenye Maji Marefu

Mwalimu Rehema ameniomba niwaambie yaliyonipata kwenye bwawa hili kabla hamjaingia majini. Nimekubali kwa moyo mmoja. Naona wengine wenu mmekumbatia taulo kama watu wanaosubiri sindano, na nawaelewa. Nilisimama hapo hapo mlipo, na hali yangu ilikuwa hiyo hiyo.

Naitwa Wakio. Ni fundi wa nguo hapa Voi mjini. Nilizaliwa Mghange, kule juu kwenye baridi, na mto wa kwetu ulikuwa unafika kwenye vifundo vya miguu. Hakuna aliyetufundisha kuogelea, na hakuna aliyeona tumekosa kitu. Nilipoolewa niliteremka Voi na mume wangu Mwadime, ambaye ni fundi wa stima. Nikafungua kibanda cha kushona, hasa sare za shule. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na nikishaikalia asubuhi, naweza kuinuka jua likiwa linazama.

Miaka ilipokwenda mwili ukaongezeka, presha ikapanda, na goti la kulia likaanza kunisumbua. Daktari akanipa dawa za presha na kuniambia nifanye mazoezi. Nikajaribu kutembea jioni, goti likavimba kama limeumwa na nyuki. Niliporudi kwake akasema, "Basi ogelea. Maji yatakubeba, goti halitapata mzigo."

Mwadime alicheka hadi akaweka kikombe chini. "Wakio, sisi watu wa milimani na kuogelea wapi na wapi?"

Hata hivyo nilikuja. Mwalimu Rehema, ambaye asili yake ni Mombasa, akanipokea. Kwa muda mrefu alinifundisha jambo moja tu, kulala chali juu ya maji na kupumua. Niliona ananichelewesha. Baadaye akanifundisha kwenda mbele, kugeuka, na mwishowe kuvuka upande wa maji marefu. Presha ikaanza kushuka. Goti likatulia. Nikawa napanda ngazi bila kushika ukuta, na Mwadime akaanza kunisindikiza Jumamosi ili akae kivulini ale chipsi akinitazama.

Sasa sikilizeni siku yenyewe ilivyokuwa. Ilikuwa Januari, shule zinafunguliwa, na wazazi wote wanataka sare kwa wakati mmoja. Wiki nzima nilikanyaga cherehani kutoka asubuhi hadi jioni. Joto la Voi mnalijua. Nilikunywa chai ya rangi, kikombe juu ya kikombe, na maji sikuyagusa kwa sababu sikutaka kuacha kazi niende chooni. Siku hiyo chakula cha mchana sikula. Nikafika hapa nimechoka, shavu la mguu wa kushoto likinivuta kidogo. Nikasema maji yatalilegeza. Sikunyoosha viungo. Niliingia moja kwa moja.

Nilikuwa katikati ya maji marefu mguu uliponishika. Sijui niwaelezeje maumivu yale. Ilikuwa kama mtu ameingiza mkono ndani ya nyama ya mguu, akaifinya, kisha akaisokota. Unyayo ulielekea chini wenyewe, vidole vikajikunja, na sikuweza kuvikunjua. Nikafanya kile ambacho kila mtu angekifanya. Nilijikunja kuushika mguu, na kichwa kikaingia majini.

Nilimeza maji. Yakapita puani, yakachoma mpaka nyuma ya macho. Nikaibuka, nikataka kupiga kelele, lakini sauti haikutoka. Kifua chote kilikuwa kinatafuta hewa, hakikuwa na nafasi ya kuita mtu. Niliinua mkono. Nikamwona Mwadime pale mezani kwake kivulini, na yeye akainua wake akanipungia. Alidhani namsalimia.

Nikazama tena. Nilikuwa napiga maji kwa mguu mmoja, na kadiri nilivyopiga ndivyo ule mwingine ulivyozidi kukaza. Niliwaza nguo zilizobaki kibandani bila vifungo. Ajabu, lakini ndilo nililowaza.

Mwalimu Rehema alikuwa upande wa maji mafupi na mwanafunzi mpya. Aliniambia baadaye kwamba kilichomshtua ni ukimya. Mtu anayecheza majini hupiga kelele, mimi nilikuwa kimya. Alifika kwa nyuma, akanishika chini ya makwapa, akanilaza kifuani pake.

"Wakio, ni mimi. Usipigane na maji. Legea, inua kifua."

"Mguu umekufa," nikamwambia.

"Haujafa, dada. Umekaza tu. Legea."

Yeye na Mwadime walinitoa, wakanilaza kwenye vigae vya moto. Nilitapika maji na chai. Nilijikojolea pia, na sioni haya kuwaambia. Shavu la mguu lilikuwa gumu kama jiwe, na chini ya ngozi nyama ilikuwa inarukaruka yenyewe. Mwalimu akaninyoosha goti, akashika vidole na kuvisukuma taratibu kuelekea kwangu, akavishikilia hapo. Kidogo kidogo msuli ukaachia. Nilitaka kwenda nyumbani, lakini alikataa. "Umemeza maji na bado unakohoa. Lazima daktari akusikilize kifua."

Hospitalini daktari wangu yule yule alinisikiliza kifua mbele na nyuma, akaniweka hadi jioni ili anitazame. Kifua kilikuwa salama. Kisha akageukia mguu.

"Leo umekunywa nini?" akauliza.

"Chai."

"Na maji?"

Nikatikisa kichwa.

"Mkojo wako una rangi gani?"

"Kama hiyo chai yenyewe, daktari."

Hakunigombeza. Alinieleza kwamba mara nyingi msuli hukaza majini kwa sababu umechoka, na wangu ulikuwa umekanyaga cherehani wiki nzima kabla sijauomba kuogelea. Joto lilinitoa jasho, na jasho hutoka na chumvi. Zaidi ya hayo, aina ya dawa ya presha niliyokuwa natumia hufanya mtu akojoe sana. "Usiiache kwa uamuzi wako," akasema. "Hilo ni la hatari zaidi. Tutapima damu, na kama kuna la kubadilisha nitabadilisha mimi." Alipima, na kweli akanibadilishia.

Nyama ya mguu ilikuwa imechanika kidogo ndani. Siku zilizofuata weusi ulishuka hadi kwenye kifundo, ukageuka kijani, ukageuka manjano. Nilitembea kwa gongo. Mwadime ndiye aliyenikanda kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, na ndiye aliyepika. Siku moja akiwa ameshika mguu wangu mapajani pake, akasema bila kuniangalia, "Nilikupungia mkono, Wakio. Unazama, na mimi nakupungia."

"Hukujua."

"Ndiyo maana sitaki urudi kule."

Kusema kweli, hata mimi sikutaka. Nilikuwa nikiona ndoo imejaa maji nageuza uso. Mwalimu Rehema akaja kibandani kunijulia hali. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akakubali soda, akaongea mambo mengine kabisa. Alipoinuka kuondoka ndipo akasema, "Hayo maji hayana ugomvi na wewe. Kilichokosekana ni kujua la kufanya msuli ukishika, na hilo linafundishika. Ukipona, njoo nikufundishe mahali unapoweza kusimama."

Gongo lilipokwisha kazi, daktari akaniruhusu, nami nikarudi. Nilimwambia Mwadime, "Kama unaniogopea, usibaki mezani. Njoo ujifunze na wewe." Alinuna siku nzima, kisha akaenda kununua kaptura ya kuogelea.

Tulifanya mazoezi ya kushikwa na msuli kama mchezo wa kuigiza. Maji kiunoni, mwalimu anasema, "Kushoto!" Unaacha kupiga miguu. Unavuta pumzi nyingi, unajigeuza chali, unaacha maji yakubebe. Ukishatulia ndipo unaushughulikia mguu. Likiwa ni shavu la mguu, unanyoosha goti na kuvuta vidole kuja kwako. Ikiwa ni paja la mbele, unakunja goti na kuvuta unyayo kuelekea makalioni. Ukihitaji msaada, mkono mmoja juu, usioyumba, na sisi sote tulikubaliana kwamba hiyo si salamu. Nilirudia mpaka mwili ukajua wenyewe.

Na msuli ulirudi. Miezi ilikuwa imepita, nikiwa tena kwenye maji marefu, nikasikia ule mvuto ninaoujua. Niliogopa, hilo sikatai. Lakini nilivuta pumzi, nikageuka, nikaona mbingu. Nikanyoosha goti, nikavuta vidole, nikahesabu pumzi zangu taratibu. Msuli ukaachia kama ngumi inayofunguka. Nikaenda ukingoni kwa mikono tu, nikatoka, na siku hiyo sikurudi ndani, kwa sababu msuli ulioshika mara moja hushika tena upesi.

Jambo la mwisho ni la Mwadime, na ameniruhusu niliseme. Jumamosi moja alitoka kazini, amepanda nguzo tangu asubuhi, akaingia majini nami. Nikamwona uso umebadilika. Alianza kupiga maji ovyo, macho yametoka. Sikumrukia, maana mtu mwenye hofu hukukumbatia mkazama wote. Nilichukua boya ukingoni, nikalisukuma mpaka mkononi mwake.

"Mwadime, nisikilize. Kamata hilo. Lala chali."

"Mguu, Wakio."

"Naujua. Vuta pumzi kwanza. Mguu utangoja."

Alinisikiliza. Nililivuta boya, naye juu yake, hadi kwenye ngazi, nikamnyoosha goti, nikasukuma vidole vyake. Alipoacha kuguna kwa maumivu, alikaa akiutazama mguu wake.

"Kumbe ndivyo inavyouma," akasema.

Tangu hapo hajaniambia tena niache.

Namshukuru Mungu kwa uhai wangu. Namshukuru mwalimu huyu aliyesikia ukimya, na daktari aliyeuliza rangi ya mkojo bila kunicheka. Nanyi nawaomba haya. Kunyweni maji tangu asubuhi, msisubiri kiu. Nyoosheni miguu kabla ya kuingia. Siku ambayo kazi imewamaliza, bakini mnapoweza kusimama, na kamwe msiogelee peke yenu. Anayetumia dawa, au anayeshikwa na msuli mara kwa mara hata kitandani, amwone daktari. Na kabla ya kutamani kuvuka, jifunzeni kulala chali.

Presha yangu iko chini. Goti langu linanibeba. Nimevuka bwawa hili mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na leo nitavuka tena. Haya, nyoosheni miguu. Mimi natangulia.