Masika Niliyomfanyia Baba Matanga Akiwa Hai

Jumanne ya kwanza ya mwezi wa sita, mwaka huu, nilimpoteza mama yangu. Wiki iliyofuata nilifungua kasha lake nitoe nguo za kugawa, nikapigwa na harufu ya leso zilizokunjwa kabla hazijakauka sawasawa, zikafukizwa udi kuficha uvundo. Nyumba nyingi za Mji wa Kale hunuka hivyo wakati wa mvua. Nilikaa kitako sakafuni nikiwa na leso mapajani. Sikulia, nawaambia kweli. Nilikumbuka tu masika moja nilipokuwa na miaka minane.

Tangu mwezi wa tisa hadi wa tatu, mama alikuwa mwanamke wa kelele. Alikaanga bajia uani huku akiimba, akacheka hadi jirani wa juu akagonga sakafu kwa mchi. Alipaka wanja hata siku ya kufua. Mawingu yakifunga mwezi wa nne, alianza kupungua. Ziliondoka nyimbo kwanza, kisha wanja, kisha hakutoka tena. Alilala mchana kutwa, akaamka akala wali mwingi bila hamu, akalala tena. Chumba chetu kilikuwa cha chini na dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani, karibu hata ningeweza kuugusa. Siku za mvua tuliwasha taa tangu asubuhi. Mama aliizima.

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Shangazi, dadake baba tuliyekaa naye, alisema ni uvivu. Jirani mmoja alisema ni hasadi, akaleta kombe, aya zilizoandikwa kwa zafarani kwenye sahani na kuoshwa kwa maji. Mama alikunywa, akashukuru, akageukia ukutani. Baba aliuza viungo bara. Alipanda basi Mwembe Tayari na magunia yake, akapotea wiki tatu au nne.

Masika yale Bi Rukia, jirani yetu, alifiwa na mumewe. Nilitumwa kumpelekea uji, nikamkuta amekaa chumbani, hana wanja wala manukato. Niliporudi nikamwuliza shangazi mbona hatoki.

"Yuko eda," akasema. "Mwanamke akifiwa na mumewe hutulia ndani miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatoki. Haya, nenda kaoshe bakuli, maswali basi."

Nilisimama na bakuli mkononi. Mama hajipambi. Mama hatoki. Baba hayupo. Ni kweli kwamba mwaka uliopita mama alikaa vivyo hivyo na baba akarudi salama, lakini hilo nililipatia jibu: labda mwaka ule alikuwa akijifunza.

Nilibeba msiba wangu siku tatu. Nilimtazama shangazi akitaniana na muuza samaki mlangoni, nikasema moyoni, wananificha. Siku ya nne, chuoni tulikosoma Kurani, nilishindwa kusoma. Mwalimu Zena akaniita mbele.

"Una nini, mwanangu?"

"Baba yangu amekufa."

"Innalillahi! Lini?"

"Sijui. Hawajaniambia. Lakini mama yuko eda."

Sidhani kama alisikia maneno yale ya mwisho. Alifunga chuo papo hapo. Wenzangu, kwa furaha ya kuachiliwa mapema, walitawanyika na habari yangu Bondeni nzima.

Kabla ya alasiri uani kwetu kulijaa mabuibui. Shangazi alikuwa amekwenda Makadara kununua mboga. Wanawake, Mwalimu Zena akiwa mbele, waliingia moja kwa moja chumbani kwa mama, wakamshika mikono. "Pole mwenzetu. Mungu akupe subira." Mama akainuka, akaketi. Alitazama uso mmoja baada ya mwingine. Mimi niliyesimama mlangoni nilipumua, kwa sababu sasa jambo limesemwa na si siri yangu tena.

Kisha mama akauliza kwa sauti ndogo, "Amefia wapi?"

Hapo ndipo nilipopotewa kabisa. Vipi mtu akae eda na hajui kama amefiwa?

Wanawake wakatazamana. Shangazi akaingia na kikapu.

"Kuna nini humu? Nani kafa?"

"Nduguyo!"

"Ndugu yangu yupi? Asubuhi hii dereva wa basi kaniletea salamu zake. Yuwaja Ijumaa!"

Macho yote yakamgeukia Mwalimu Zena, na yake yakanigeukia mimi.

"Ewe mtoto! Wamfanyia babako matanga yungali hai?"

"Huyu ana haraka ya urithi," akasema mwingine, na chumba kizima kikapasuka kwa kicheko. Walicheka hadi wakajifuta machozi kwa ncha za buibui. Mama hakucheka. Alijilaza tena, akajifunika leso. Nilingoja kupigwa, hakuna aliyenipiga.

Ijumaa baba akaja. Habari alikuwa amezipata njiani. Muuza kahawa mmoja alimshika mkono kwanza aone kama una joto. Aliniinua juu, akaniuliza, "Wewe ndiwe mzishi wangu?" Kisha akaingia chumbani. Nilibaki nyuma ya pazia.

"Nasikia umenikalia eda," akasema kwa mzaha.

Mama akageuka kutoka ukutani.

"Waliponiambia umekufa, sikulia," akasema. "Niliyangoja machozi, hayakuja. Nikaona haya mbele za watu, ndipo nikauliza umefia wapi. Sijui nina nini, Baba Salma. Wallahi sijui."

Maneno yale niliyaweka miaka mingi kama ushahidi kwamba mama hakumpenda baba, na huenda hata mimi. Nami nilikuwa nimekuwa mama wakati muuguzi mmoja aliponiuliza vizuri kuhusu miezi ile ya mama yangu, akanieleza kwamba wako watu ambao mawingu na ukosefu wa mwanga huwaangusha moyo, kila mwaka, na kwamba ni ugonjwa. Akatushauri tumketishe penye mwanga kila asubuhi. Tukawa tunampandisha darini. Siku nyingine ilisaidia, siku nyingine haikusaidia. Ndipo nilipoelewa kwamba siku ile mama alikuwa na hofu, na baba ndiye mtu pekee ambaye mama alithubutu kumwambia.

Siku ile baba alikaa ukingoni mwa kitanda. Alivua viatu, akavua kofia akaiweka juu ya kiti, akalala ubavuni pake.

Mlango wa nje ukabishwa. Alikuwa mmoja wa wale wanawake, na sahani ya mkate wa sinia.

"Babako yuwapi, tumwone kwa macho?"

"Amelala."

"Na mamako?"

"Amelala."

Alichungulia nyuma yangu, kisha akanipa ile sahani, akaenda zake.