Fanksheni Isiyouliza Nani

Kaka yangu alipooa, alituletea nyumbani mtu asiyejua kukaa. Tukambandika jina la Kiguu na Njia. Hula amesimama. Akiongea na simu huizunguka meza. Sinema ikianza, ndio kwanza anakumbuka nguo hazijaanuliwa. Mama, ambaye ni mkwewe, husema mtoto huyu wa watu akizikwa, kaburi litiwe kufuli.

Cha ajabu, kazi yake ni ya kukaa. Anaandika programu katika kliniki ya macho, hiyo hiyo ambamo mimi hupokea wagonjwa, na mfumo wetu aliuunda yeye kwa PHP, lugha mojawapo ya kompyuta. Siku moja nilimuuliza kazi yenyewe hasa ni nini. "Nakimbia kurudia, wifi," akajibu bila kugeuka. Waliomtangulia, kwa kila ukurasa uliohitaji jina la mgonjwa waliandika upya maelezo yote ya kuifungua hifadhidata, kuiuliza na kupokea jibu. Yeye akayakusanya kwenye faili moja, yakawa fanksheni nne, vipande vya programu vinavyoitwa kwa jina: tafuta, ongeza, badilisha, futa. Ukurasa wowote ukitaka kitu, unaita mojawapo kwa mstari mmoja, basi. Alizipenda kama mpishi anavyopenda visu vyake, na hakuchoka kuzinoa. Nikimwambia aziache zipumzike, ananiambia niendelee na kalamu zangu.

Siku ninayoisimulia tulikuwa hatushikiki. Daktari bingwa anayepasua mtoto wa jicho alikuwa anakuja kesho yake, naye huja kwa nadra. Mchana mfumo hutuma meseji kwa wote waliopangiwa. Kanuni ya kliniki ni ngumu: ukiitwa usitokee, jina lako linafutwa, na foleni unaianza upya.

Asubuhi hiyo Mama, mgonjwa wetu wa miwani, alikuwa amebadilisha laini ya simu. Upo ukurasa wa kurekebisha namba, nami ningeimaliza kazi hiyo kabla hujapiga chafya. Lakini Kiguu na Njia alikuwa ametoka kuinoa badilisha, akataka kuijaribu. "Lete hapa, wifi." Akaandika kwa mkono mmoja, amesimama, begi begani.

Kosa lake ni la watu wa kazi ile tu. Kwenye tafuta, usiposema unamtaka nani, unaletewa wote. Hilo ni jema, ndivyo tunavyopata orodha nzima. Sasa kwa kuchukia kurudia, alihamishia utaratibu uleule kwenye badilisha. Halafu akaiita, akaipa namba mpya ya Mama, akasahau kuiambia kwamba ni ya Mama. Fanksheni haikuuliza nani. Ikawapa wagonjwa wote wa kliniki namba ya mama mkwe wake.

Tulijua mchana, simu yangu ilipolia.

"Wewe," Mama akasema, "mimi nina macho mangapi?"

"Mawili, Mama. Kuna nini?"

"Basi mbona naitwa kupasuliwa mpaka nimepoteza hesabu? Simu inaruka mezani kama panzi! Mwambieni huyo daktari wenu miwani yanitosha."

Kiguu na Njia alifungua jedwali la wagonjwa, akaona namba moja kutoka juu hadi chini. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatulia tuli. Kule kutulia kulinitisha kuliko kama angepiga mayowe.

"Nimewapofusha, wifi."

"Hujapofusha mtu. Tafuta nakala ya akiba!"

Nakala ilikuwepo, ya jana asubuhi. Akachota namba humo, meseji zikatumwa upya, wagonjwa wakaanza kujibu. Akabaki mmoja, aliyeandikishwa baada ya nakala ile: mshona mabegi, ambaye daktari wa zamu alimsogeza mbele kwa sababu jicho lake la pili nalo lilikuwa linaondoka. Namba yake haikuwa popote tena. Nilichokumbuka ni kwamba alisema anashonea nyuma ya stendi ya mabasi, barazani kwa muuza rangi.

Tukatoka mbio. Yeye alitangulia, nami na mwili wangu huu nikafuata nikihema na kumlaumu kaka yangu kwa kuoa.

Tulimkuta kwenye cherehani, kidole kikitangulia sindano kupapasa mshono unakopita. Kiguu na Njia akamwaga yote kwa pumzi moja: kesho ni zamu yake, namba yake imepotea, kosa ni lake yeye, amsamehe.

Mshona mabegi akageuza uso kuifuata sauti. "Nikusamehe nini, mwanangu? Namba ile si yangu. Simu sina, nitaionaje? Niliwapa ya jirani, na jirani kahama leo na vyombo vyake. Mngepiga mpaka mchoke. Mungu ndiye kawaleta."

Nilifurahi, nusura nimkumbatie. "Unaona?" nikamwambia wifi yangu. "Kosa lako limemwokoa!" Nilidhani atashusha pumzi. Hakushusha. Njia nzima ya kurudi alitembea nyuma yangu, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Kesho yake mshona mabegi akaingia chumba cha upasuaji, akitania kwamba akitoka atanikagua kama kweli mimi ni mzuri kama sauti yangu. Badilisha ilikuwa imeshatengenezwa. Usipomtaja mtu, inagoma. Mimi nikahesabu kwamba yamekwisha. Kiguu na Njia akaja kwenye meza yangu, akavuta kiti, akakaa.

"Wifi, meseji ikitoka, mfumo wangu unaandika 'imefika'. Imefika kwa nani?"

"Kwa mwenye simu."

"Na mgonjwa asipotokea?"

Nikakitazama kitufe cha kufuta kwenye skrini yangu. Anayebonyeza kitufe ni mimi, na fanksheni ya futa aliiandika yeye.

"Wangapi, wifi? Wangapi tumewafuta, na wala hawajui kwamba waliwahi kuitwa?"

Niliona aibu, na nilitaka sana kumwambia ni wachache. Nilijaribu kuwakumbuka, mmoja mmoja. Majina hayakuja. Nilichokumbuka ni jinsi walivyokuwa wakishika ukuta wakitoka.