Dirisha la Upande wa Ziwa

"Ombi la idhini ya kuziba dirisha moja, upande wa ziwa." Karatasi hiyo ilikuwa mezani Jumatatu, katika bureau, ofisi moja ya serikali mjini Baraka, nilikokuwa nikingoja zamu yangu. Mwenye ombi alikuwa mama mjane anayerekebisha nyumba. Mabati mapya yameezekwa, plasta imekauka. Mafundi wamebakiza dirisha hilo tu.

"Sababu ya kuziba, mama?" aliuliza karani.

"Iko muntu anapigaka hodi pale, papa. Tunanyamaza tu, hatumujibu. Batoto habalale."

"Muntu gani?"

"Bwana yangu. Ziwa ilimubeba na mutumbwi."

"Basi lete saini yake. Nyumba iko kwa jina lake."

"Papa, alikufa!"

"Lete karatasi ya kufa."

"Maiti haikuonekana."

Karani akakunjua mikono. "Kumbe kwa serikali angali muzima."

Mteja mwingine akabisha mlango. "Karibu!" karani aliitikia bila kuinua kichwa, kama anavyomwitikia kila mtu. Kisha akaondoka na mama kwenda kulikagua dirisha.

Alirudi adhuhuri akikimbia, viatu mkononi, mama akimfuata. Akagonga muhuri bila saini ya mtu yeyote, akamsukumia mama karatasi. Mama akairudisha kwa kidole kimoja.

"Ya kazi gani sasa, papa? Amesha ingia."

Serikali yetu ina karatasi ya kuzaliwa, ya kusafiri na ya kufa. Ya kurudi sikuiona kwenye orodha ya ukutani.

Nje, mama alinieleza kilichotokea. Hodi ilipigwa dirishani mchana kweupe, na karani, kwa mazoea ya ofisini, akaitikia, "Karibu!"