Viroboto na Jina la Sigilai

Waliokuwepo siku mtoto wa Mercy alipoitwa jina ni hawa. Mama yangu Tapkigen, mjane wa arap Chumo, mwenye nyumba. Mke wangu Rebecca. Mercy, mke wa mwanangu Weldon, aliyekuwa bado katika siku za uzazi. Mtoto mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa na jina moja tu, Kiprono. Mama Akinyi, jirani yetu, mtu wa upande wa ziwa, mke wa fundi wa mitambo katika kiwanda cha chai. Mbwa wetu Tomi alikuwa chini ya kitanda, ingawa alikuwa amekatazwa kuingia. Mimi nilikuwa nje, nimekaa kwenye kigoda chini ya dirisha, kwa sababu kumwita mtoto jina ni kazi ya wanawake. Weldon alikuwa kazini Kericho. Na viroboto walikuwepo, wengi kuliko sisi sote.

Nilipokuwa mtoto, kabla sijapelekwa shule ya misheni, niliona jambo la namna hiyo katika boma hilohilo, karibu na Silibwet. Dada yangu Taplelei alikuwa mchanga, na viroboto walizidi ndani ya nyumba hata tumbo lake likawa na vipele vyekundu vilivyopangana kama mshono. Nyanya yetu, ambaye sisi Wakipsigis tunamwita kogo, alimtazama kwa muda, akasema, "Huyu anayeuma ana haja yake. Kuna mtu wetu amesahauliwa. Anataka kuitwa."

Wanawake wakaketi. Wakataja majina ya jamaa waliokufa, mmoja baada ya mwingine, na kwa jina la mama yake babu, Taplelei akapiga chafya. Hiyo ndiyo desturi yetu. Mtoto hupata kwanza jina la uji, linaloeleza alizaliwa wakati gani au katika hali gani. Kiprono, kwa mfano, ni yule aliyezaliwa jioni mbuzi wakirudi. Kisha huitiwa wale waliotangulia, na jina linalomfanya apige chafya ndilo lake. Mwenye jina amerudi, watu hufurahi, basi. Baada ya hapo viroboto walipungua nyumbani, na mimi sikuwa na sababu ya kutoamini.

Shuleni mwalimu alichora kiroboto ubaoni, mkubwa kama kondoo, akatueleza anavyotaga na watoto wake wanavyoishi kwenye vumbi la sakafu. Niliinua mkono nikasema kwamba kiroboto hutumwa na mtu aliyesahauliwa. Wenzangu walicheka. Mwalimu hakucheka; aliniambia niketi. Tangu siku ile nilikuwa na maelezo mawili kichwani, moja la darasani na moja la nyumbani, na niliishi nayo bila kuyagonganisha kwa karibu miaka hamsini.

Yaligongana katika miaka ya tisini. Nilikuwa nimestaafu ukarani, nachuma chai yangu na kukamua ng'ombe wangu. Mama alikataa kuhamia nyumba yetu ya mabati. Alibaki katika nyumba yake ya udongo na nyasi, penye jiko la mafiga, na ndani yake walilala yeye, paka, na watoto wa mbuzi nyuma ya kizuizi cha miti. Mercy alipojifungua wakati wa mvua ndefu, Weldon alimleta akae kwa Mama kwa ajili ya joto la moto. Ilikuwa kawaida. Hakuna aliyewafikiria viroboto mpaka mtoto alipoanza kulia kila alipolazwa.

Tulifanya kila tulichojua. Rebecca alichemsha nguo na blanketi kwenye pipa. Sakafu ilipakwa samadi mbichi iliyochanganywa na majivu, ikakauka vizuri, na kesho yake viroboto wakaruka juu yake kana kwamba wametengenezewa uwanja. Tuliweka karai la maji na koroboi katikati, wakaanguka humo wengi, na waliobaki hawakuonekana kupungua. Nilimwosha Tomi kwa dawa ya kupe ya ng'ombe, nikiwa nimeizimua sana. Alijikung'uta, akaenda kujigaragaza mahali alipozoea, yaani nyuma ya kizuizi cha mbuzi, akarudi nao wote. Paka alipoona beseni hakungoja. Alikaa juu ya dari ya jikoni mpaka njaa ikamshusha.

Viroboto wakavuka kuja nyumba yetu kwa miguu ya suruali yangu. Jumapili moja kanisani, kiroboto aliruka kutoka mkono wa Rebecca akatua kwenye kitabu cha nyimbo cha mke wa mchungaji. Rebecca aliendelea kuimba. Kwenye kituo cha kununulia majani chai, nilipokaa kwenye benchi, wazee wenzangu walikumbuka wana shughuli upande wa pili.

Mama Akinyi ndiye aliyesema waziwazi. "Mzee, nyinyi munaosha mbwa, munaacha nyumba ya mbuzi. Hii mambo yote inatoka kwa mbuzi."

"Mwambie mama yangu," nikamjibu.

"Ai! Mimi niko na mama mkwe wangu huko nyumbani, anatosha."

Mama alikuwa na maelezo yake, na hayakuhusu mbuzi. Alilipandisha shati la mtoto, akaonyesha vipele tumboni, akaniambia kwa Kipsigis, maneno yaleyale ya nyanya yangu, kama mtu asomaye: "Huyu anayeuma ana haja yake. Na unamjua, Kipkorir."

Nilimjua. Alimaanisha kaka yangu Sigilai. Sigilai alikuwa mlevi, na siku moja, katika ulevi huo, alimpiga baba yetu. Aliondoka usiku uleule akaenda Londiani kupasua mbao msituni, na huko mti ulimwangukia. Alizikwa na watu aliofanya nao kazi kabla habari hazijatufikia. Tangu hapo watoto wengi walizaliwa katika ukoo wetu, wanangu mimi mwenyewe wakiwemo, na kila mara wanawake walipoita majina, jina la Sigilai lilirukwa. Hakuna aliyeagiza lirukwe. Mtu aliyeinua mkono juu ya baba yake haitwi. Hofu ni kwamba atarudi na mkono ule. Mama alikaa katika shughuli hizo zote, akasikia jina la mwanawe likipitwa, na hakuwahi kusema neno. Sasa alikuwa mzee sana, kifua kikimsumbua, na mtoto alikuwa analala nyumbani kwake.

Mercy alikataa. Alikuwa ameokoka na alisema yaliyo moyoni mwake. "Kogo, nakuheshimu. Lakini mtoto wangu siwezi mpatia jina ya mtu alipiga baba yake. Kesho yeye apige Weldon?"

"Simpi mimi," Mama akasema. "Nitaita tu. Akinyamaza, nimenyamaza na mimi."

"Na hawa viroboto?"

"Akiitwa akaitika, wataenda. Asipoitika, nitajua si yeye."

Mercy alinitazama mimi, mtu wa shule. Nilisema kwamba mtoto ataitwa kama watoto wengine walivyoitwa, na kwamba wakati huohuo tutatafuta dawa. Lilikuwa jibu la karani.

Dawa ilipatikana kabla ya siku yenyewe. Shemeji yangu alileta kutoka Londiani mfuko wa maua makavu ya pareto. Rebecca na Mama Akinyi waliyatwanga kwenye kinu asubuhi ile ya kuita jina, wakiwa wamejifunga vitambaa puani, Mercy na mtoto wakiota jua mbali, kwenye majani chai. Wakanyunyiza unga kila mahali: sakafuni, kitandani chini ya ngozi, kwenye nyufa za ukuta, juu ya Tomi. Kisha, kwa kuwa chai ilikuwa imeiva na Mama alikuwa ameshaketi mahali pake, wote wakaingia ndani wakafunga mlango. Katika wanawake wote wale wenye akili, hakuna aliyeunganisha mambo hayo mawili. Wala mimi.

Mama alianza na baba wa baba yangu. Kabla hajamaliza kutamka, nikasikia chafya. Wakashangilia. Ikafuata chafya nyingine, na jina la pili lilikuwa bado halijatajwa. Mama akasema wangoje. Akataja mwingine, chafya. Kisha nikasikia chafya nzito ambayo haikuwa ya mtoto.

"Nisameheni," akasema Mama Akinyi. "Hiyo ni yangu. Na mimi niandikiwe jina."

"Wamekuja wote!" akasema Rebecca. "Kiprono atakuwa na majina kama daftari la shule." Halafu naye akapiga chafya, na mbwa pia, na nikawasikia wanacheka mpaka wanakohoa. Mama peke yake hakucheka. Nilichungulia dirishani. Alikuwa ameketi na mikono magotini, na niliona kwamba jina alilolitaka alikuwa hajalitaja, na kwamba ndani ya vumbi lile halingekuwa na thamani. Hata Sigilai angepata chafya yake, kama kila mtu, na isingemwambia kitu.

"Tutoke nje," akasema hatimaye. "Humu kila mtu anaitika."

Walitoka wakaketi kwenye nyasi mbele ya mlango. Niliinua kigoda changu nikasogea hadi kwenye ua, nikawapa mgongo kama inavyotakiwa, ila si mgongo wote. Hewa ilikuwa safi, mvua ilikuwa imenyesha usiku. Rebecca alimfuta mtoto pua kwa maji ya uvuguvugu. Mama akaanza upya. Babu, kimya. Ndugu wa babu, kimya. Baba yangu arap Chumo mwenyewe. Mtoto alipiga miayo. Mama aliita kwa utaratibu bila kurukaruka, mpaka wazee wote wakaisha.

Akasema, "Sigilai."

Mtoto alikuwa anamtazama mama yake.

"Sigilai. Ni wewe? Njoo, nyumba ni hii."

Kimya. Mama Akinyi, ambaye hakuelewa Kipsigis sana, alielewa hapo. Aliinamisha kichwa. Mama aliita mara ya tatu, kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu utoto wetu, alipokuwa akituita turudi kutoka mtoni. Kisha akaanza kukusanya nguo zake ili asimame, na kwa uzee ule ilikuwa kazi ndefu.

Hapo Mercy alisema, "Kogo, ngoja. Amepata baridi." Akachukua leso iliyokuwa mgongoni mwake, ile aliyokuwa ameivaa ndani ya nyumba, akaikung'uta mara moja mbele ya uso wa mtoto, akamfunika nayo. "Mwite tena," akasema.

"Sigilai," akasema Mama.

Mtoto akapiga chafya kubwa iliyomtikisa mwili mzima.

Rebecca alipiga vigelegele, na Mama Akinyi akamsaidia kwa vile vya kwao. Mama alimchukua mtoto akamtemea mate kidogo ya baraka kifuani, akarudia jina lile, sasa halikuwa swali. Aliitazama leso. Nilimwona akiitazama, rangi ya manjano ya unga ikiwa bado kwenye pindo. Akamfunika mtoto nayo tena, na mimi nilikuwa nimewapa mgongo.

Jioni ileile Mama aliniita, akasema mbuzi wanaweza kutoka. Kwa nini sasa, nikamwuliza. Akasema nyumba imepata mtu, haihitaji mbuzi. Niliwajengea kibanda karibu na zizi, tukaondoa udongo wa nyuma ya kizuizi tukautupa mbali, tukanyunyiza pareto tena, na baada ya muda viroboto walikwisha. Mama Akinyi alisema ni mbuzi. Rebecca alisema ni pareto. Mama alisema ni Sigilai, na aliendelea kusema hivyo mpaka alipofariki. Mimi ningeweza kulieleza jambo hilo kama mwalimu wangu alivyolieleza ubaoni, na lingekuwa kweli, lakini sikuona ni nani angefaidika.

Baadaye nilikumbuka jambo ambalo wazee walilifanya wazi nilipokuwa mdogo. Mtoto alipochelewa kuitika, mmoja wa wanawake alimsogezea ugoro kidogo puani. Hakuna aliyeita hiyo hila. Walioita walitaka mtu wao arudi, na walimfungulia mlango. Mercy hakuwa amekulia kwenye desturi hizo. Nyumbani kwao walikuwa watu wa kanisa tangu babu yake. Hakujua kuhusu ugoro. Alichojua ni kwamba jina lile lilimtisha, na kwamba mwanamke mzee mbele yake alikuwa anajikusanya kuondoka bila mwanawe. Alichagua kati ya hayo mawili kwa muda unaotosha kukung'uta nguo.

Sikuwahi kumwuliza. Mara moja tu, kijana akiwa sekondari na walimu wakilalamika kwamba ana hasira, Mercy aliniambia tukiwa shambani, "Baba, hilo jina ni langu. Mimi ndiye nitalibeba." Nikajua anajua nimeona. Alimlea Sigilai kwa mkono mgumu na kwa maombi mengi. Kijana hajawahi kumpiga baba yake. Pombe huonja Krismasi, kisha hufanya uso wa mtu aliyemeza dawa.

Nimeandika haya kwa sababu wengi wa wale niliowataja mwanzo hawapo, na Sigilai ameniuliza alipataje jina ambalo jamaa wote walilikwepa. Sikuweza kumjibu kwa simu. Mercy alifariki Jumanne iliyopita.