Kanuni yangu imeifungia adhana

Jamani, leo nimeifungia adhana. Wallahi sikukusudia.

Kazi yangu ni kuandika kanuni za kunasa virusi kwenye kompyuta za ofisi yetu hapa Changamwe.

Asubuhi nikajaribu kanuni mpya: programu yoyote inayojiwasha bila kuombwa, ikapandisha sauti na kufunika skrini nzima, ifungiwe.

Adhuhuri ikaingia kimya.

Bi Zuhura wa uhasibu akaja mezani kwangu. "Mwanangu, kompyuta yangu leo haijaadhini. Umeifanya nini?"

Kumbe nimenasa programu yake ya adhana! Na ukiitazama, kweli hujiwasha, hupaza sauti, hufunika skrini. Kanuni ilikosea wapi?

Nikamwomba radhi, nikaongeza: chochote chenye jina "adhana" kiachwe. Akaenda kusali, roho yake kwatu.

Yangu ikakataa kutulia.

Nikachukua kirusi cha majaribio, kile kisichodhuru, nikakipa jina "adhana".

Kikapita. Hata salamu hakikuulizwa!

Basi ruhusa ile nimeifuta, na adhana imefungiwa tena.

Hebu nisaidieni: mbali na jina, mwadhini wa kweli mnamjuaje?

Jibuni upesi. Alasiri inakaribia, na Bi Zuhura hajui.