Sauti Bila Mikono

Binti yangu alikuwa hajasema neno hata moja tulipotenganishwa, lakini wacha nikwambie, maneno alikuwa nayo. Nikirudi jioni kutoka kazini, nywele zimejaa vumbi la sponji za makochi, ananyoosha mikono miwili, anafungua na kufunga vidole: nibebe. Akishiba anageuza uso. Akitaka kitu anakinyooshea kidole, halafu ananitazama mimi, si kile kitu, kuhakikisha nimeelewa. Mdomo wenyewe ulikuwa wa kelele tu, babababa, mate mpaka kifuani.

"Umesikia? Ameniita," namwambia mke wangu.

"Baba Baby, hayo ni mate. Bado hujaitwa."

Tulibishana hivyo kila siku katika chumba chetu cha mabati kule mtaa wa Raila, Kibera, na mimi ni mtu wa kubisha hasa. Nilitaka neno la kwanza liwe langu.

Kisha matokeo ya kura ya mwisho wa 2007 yakatangazwa, na moshi ukapanda. Mke wangu ni wa Kitui, mimi wa magharibi. Watu wa kwao na wa kwetu walipiga kura pande tofauti; kabla ya hapo lilikuwa jambo la kutaniana kuhusu mahari tu. Jirani yetu, mama muuza makaa, akaja akatuambia kwa sauti ya chini, "Mpeleke mama kwa watu wake, hata kwa siku chache. Kuna vijana wanauliza nani anaishi wapi." Alfajiri mke wangu akambeba mtoto mgongoni, nikawasindikiza hadi lami, wakaenda Kawangware kwa shangazi yake. Mimi nikarudi kulinda nyumba na vifaa vya kazi. Tulidhani ni wikendi moja.

Kutoka Kibera hadi Kawangware unatembea kwa miguu, jameni! Ukibeba chapati inafika bado moto. Lakini Januari ile kulikuwa mbali kuliko Mombasa. Nilijaribu mara moja. Karibu na Dagoretti Corner nikakuta barabara imefungwa kwa mawe na matairi, vijana wanadai vitambulisho, wanasoma majina. Jina langu nalijua, linasema natoka wapi. Niligeuka nikarudi nikilia, ndiyo, mwanamume mzima.

Ikabaki simu. "Muwekee sikioni," nasema. Kimya. Pumzi tu.

"Anacheka," mke wangu anasema.

"Kucheka bila sauti nitasikiaje?"

"Sasa anainyooshea simu mikono."

Hapo ndipo niliumia. Ile mikono ilikuwa yangu! Mtoto ambaye hajajua kuongea huongea na mwili mzima, na simu inachukua mdomo peke yake. Shangazi aliponiambia subira huvuta heri, nilimjibu kwa ukali aniazime yake basi, kwa sababu yangu imeisha. Alicheka, mama wa watu.

Nikawa napiga kila jioni. Maduka yakifungwa na kredo ya simu ikakosekana, nazunguka Raila nzima nikiomba watu wanisambazie kidogo kutoka simu zao. Nilimwambia mtoto mambo ya kipuuzi: paka wa jirani amezaa, kochi la mteja liko tayari na mteja sijui alikimbilia wapi. Nikinyamaza naye analeta yake, sauti inapanda na kushuka kama ya mtu anayesimulia jambo zito, na hakuna neno hata moja ndani.

Jioni moja, kabla hata sijasema haloo, nikasikia: "Baba." Moja tu, safi, bila mate. Nilipiga kelele mpaka muuza makaa akatoka na mwiko mkononi akidhani tumevamiwa.

"Nimeitwa!"

"Na nani?"

"Na mtoto wangu!"

Mke wangu, upande wa pili, akasema, "Haya, leo umeitwa." Wiki zilizofuata niliishi kwa neno hilo. Lakini nililitaka likitoka mdomoni mwake huku nikimtazama.

Njia zilipotulia nilitembea hadi Kawangware bila kupumzika. Shangazi alikuwa mlangoni, amembeba mtoto kiunoni. Alikuwa ameota meno ambayo sikuyajua. Nikamnyooshea mikono, nikafungua na kufunga vidole. Akanitazama mimi, akaitazama mikono, akaficha uso shingoni mwa shangazi na kulia.

"Huyu ndiye baba," mke wangu akasema. "Si unamjua baba?"

Mtoto akageuka. Akatafuta kwa macho chumba kizima, akaiona simu juu ya meza, akainyooshea kidole. "Baba." Halafu akamtazama mama yake, kuhakikisha ameelewa.

Walicheka, nami nikacheka. Ala, ningefanya nini? Lakini nilitamani kuikanyaga ile simu. Mchana kutwa nilijaribu kumbembeleza kwa ndizi, kwa nyimbo, kwa kunguruma kama lori. Kila nikiongea alikuwa anaangalia mezani.

Ilipofika saa yetu ya kila jioni nilitoka bila kuaga. Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikaegemea mabati, nikapiga. Mke wangu akapokea. Hakuniuliza niko wapi, akampa mtoto simu.

"Baba," akasema. Nililisikia mara mbili, kwanza kupitia mabati, kisha sikioni. Akaendelea na habari zake ndefu zisizo na maneno, halafu akatulia, akisubiri nimjibu. Nikayanyooshea mabati mkono mmoja, nikafungua na kufunga vidole. Akaniita tena.