Headphone za kuzima kelele nilizonunua Arua zilivyotaka kuninyima mke Koboko

Wakuu, habari za majukumu.

Naandika nikiwa Koboko, huku West Nile, Uganda, na sijatulia tangu siku ya harusi nitakayowasimulia. Sitatia chumvi, kisa chenyewe kilikuja kimekolea. Mnaotaka kununua headphone za u-DJ someni mpaka mwisho. Mnaotafuta wakwe pia someni.

Mimi ni DJ wa sherehe. Kwetu ni Dadamu, nje kidogo ya Arua, lakini kazi nyingi nazipata Koboko. Ni Muislamu na ninaswali, ingawa nikisema napiga muziki watu wanaanza kuninusa kama wanatafuta harufu ya pombe.

Mmoja wa watu hao ni baba yake Shamim.

Shamim ndiye ninayetaka kumuoa. Baba yake ni mwanajeshi mstaafu, mtu wa maneno machache, na alishamwambia binti yake kwamba DJ ni mtu wa kulala mchana na kusahau swala. Basi dada yake Shamim alipopata mchumba, Shamim akapambana mpaka kazi ya muziki wa harusi hiyo nikapewa mimi.

"Baba akuone mwenyewe ukifanya kazi," aliniambia. "Asikujue kwa maneno ya watu."

Hapo ndipo presha ilipoanza.

Headphone zangu za zamani zilikuwa zimezungushiwa selotepu. Kwa kazi zilikuwa nzuri, maana kikombe kimoja kinageuka nyuma: sikio moja linasikiliza wimbo unaofuata, jingine linasikia watu. Lakini niliona aibu. Nikasema mkwe hawezi kunikuta na selotepu kichwani kama majeruhi.

Nikaenda Arua mjini. Muuzaji akanivisha headphone nyeusi, nene, laini kama mto. Akabonyeza kitufe cha noise cancelling. Boda zilizokuwa zikipiga honi nje zikapotea. Jenereta ya duka la jirani ikapotea. Nikawa namwona muuzaji anachezesha mdomo, sisikii kitu, na mimi nacheka tu.

Nikanunua hapo hapo. Sikujaribu hata kugeuza kikombe. Hakigeuki.

Kitu kingine wakuu, nilipofika nyumbani nikajaribu kwa bluetooth, nikagundua sauti inachelewa kidogo kufika. Msikilizaji wa kawaida hawezi kujua, lakini ukitaka kupanga beat mbili ziende pamoja utalia. Nikachomeka waya, nikajiona mjanja. Kile kitufe nikakiacha kimewaka.

Siku ya harusi mambo yalianza vizuri. Turubai lilikuwa nyumbani kwa Mzee, baba yake Shamim, na msikiti uko nyumba chache tu kutoka pale.

Sasa hapa lazima nieleze kitu kwa wasioijua Koboko. Kwenye harusi zetu Waislamu na Wakristo wanakaa turubai moja na wanacheza pamoja, lakini adhana ikianza DJ anakata sauti. Hakuna wa kumwambia, hata DJ Mkristo anajua. Wanaoswali wanaenda, wengine wanapiga stori, wakirudi muziki unaendelea. Kwa jambo hilo mimi sijawahi kuangalia saa. Sikio langu la kushoto huwa wazi, linanitosha.

Siku ile yote mawili yalikuwa yamefunikwa.

Ilikuwa alasiri. Nilikuwa nimeinamia mashine natafuta wimbo wa Lingala wa kuwainua kina mama. Kuinua macho, naona uwanja umepoa. Watu wamesimama tu, kina mama wengine wanavuta mitandio kichwani. Nikadhani wimbo umewachosha! Jasho likanitoka. Nikajua Mzee sasa anaona DJ aliyeshindwa kazi mbele ya ukoo mzima.

Nikaongeza sauti.

Wakaanza kunipungia mikono. Nikasema, heee, wamechangamka. Nikaongeza tena, na besi nikaifungua yote.

Ndipo mkono ukaja kutoka nyuma, ukaninyanyulia kikombe cha sikio la kushoto. Nikaisikia adhana, chini kabisa ya besi yangu mwenyewe, ikiwa inaelekea mwisho. Nikageuka. Alikuwa baba yake Shamim, kanzu nyeupe, uso hauonyeshi kitu.

"Kijana," akasema, "wewe hapana sikia azana?"

Nikakata sauti. Macho yote kwangu. Nilimwona Shamim karibu na sufuria za pilau, ameziba mdomo kwa mkono. Niliogopa wakuu, niliogopa kweli, kwa sababu nilijua lile alilokuwa akilisema Mzee nyumbani nimelithibitisha mimi mwenyewe kwa spika mbili kubwa. Mtu hafi kwa aibu, lakini siku ile mimi nilijaribu.

Sikujitetea. Ningesema nini, kwamba kuna kitufe? Mzee akaenda msikitini, na mimi nikamfuata, nikaswali safu ya nyuma. Akili haikuwepo, rakaa nilizifuata kwa jirani.

Tulipotoka nikamkuta ananisubiri kwenye viatu. Nilidhani ananifukuza kazi. Badala yake akashika sikio lake la kulia.

"Hii ilikufa jeshini," akasema. "Mizinga. Mimi nasikia na moja tu. Wewe Mungu alipa mbili, na wewe nafunga yote."

Nikaanza kutafuta viatu vyangu.

"Sasa ambia mimi. Siku mutoto yangu iko ndani ya nyumba yako na naita wewe, utasikia?"

"Nitasikia, Mzee." Sauti ilitoka nyembamba mpaka mimi mwenyewe sikuipenda.

Akavaa viatu, akaondoka.

Nilimaliza harusi nikiwa nimezima kile kitufe na kusukuma kikombe kimoja juu ya sikio, headphone imenibana kichwa mpaka kinauma. Watu walicheza. Mzee hakunitazama tena.

Baada ya hapo ikawa kimya. Shamim nikimuuliza, anasema Baba hajasema neno. Sokoni wameshanipa jina, wananiita Azana. Pikipiki ikisimama mlangoni nadhani ni mtu ametumwa aniambie nisahau.

Funzo langu ni hili. Noise cancelling ni ya safari na ofisi. DJ tafuta za waya, zinazofunika vizuri lakini kikombe kigeuke, na pedi ziweze kubadilishwa. Ukizijaribu dukani acha sikio moja wazi, mwambie muuzaji akuite jina ukiwa katikati ya wimbo. Usipomsikia, mrudishie. Muziki unaweza kuusikia kwa sikio moja, ila watu ulionao ukiwafungia nje hutajua hata wanapokuomba unyamaze.

Jana jioni Shamim alipiga simu. Akasema Baba yake ameuliza, yule kijana wa Dadamu ataleta wazee wake lini.

Nilisikia vizuri mara ya kwanza, wakuu. Nikamwomba arudie.

Bado naogopa, maana siku ya posa Mzee hatakosa maswali mengine. Ma-DJ, semeni mnatumia headphone gani. Na mliooa kwa wanajeshi, nifundisheni mlijibu nini.